Ibnul-Haitham wa Basra na Adadi Zisizogawika

Kuzaliwa kwake na mji wake

Jina lake ni al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haitham, na kuniya yake ni Abu Ali. Amezaliwa katika mji wa Basra, nchi ya Iraq, kiasi cha mwaka 354 wa Hijra, nao ni mwaka 965 wa miladi. Wazungu waliosoma vitabu vyake katika lugha ya Kilatini walimwita Alhazen, kwa kulitamka hivyo jina lake al-Hasan. Wengine humwita al-Basri kwa nasaba ya mji wake, na wengine al-Misri kwa kuwa nusu ya pili ya umri wake ilipita Misri.

Basra si jina geni kwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yalikuwa yakishuka na kaskazi, yamepakia tende za Basra, yakatia nanga Lamu, Mombasa na Unguja, kisha yakarejea na kusi yamebeba boriti. Lakini wakati wa kuzaliwa kwake Ibnul-Haitham, bidhaa kubwa ya Iraq haikuwa tende. Ilikuwa ni vitabu. Vitabu vya Wayunani wa kale katika hisabu, hendesa, nyota na tiba vilikuwa vimekwisha kufasiriwa kwa Kiarabu, na wanavyuoni walikuwa wakivisoma, wakivisahihisha na kuvizidishia. Thabit bin Qurra, aliyekufa mwaka 288 (901), alikuwa tayari amekwisha kuandika juu ya tabia za adadi mambo ambayo Wayunani hawakuyafikia. Katika bahari hiyo ya ilmu ndimo alimokulia Ibnul-Haitham. Akaishika hendesa ya Uqlidis na falaki ya Batlamyus kwa namna ambayo khabari zake zikatoka Basra zikafika nchi za mbali.

Ahadi ya mto Nili

Khabari za safari yake ya Misri zimepokewa na al-Qifti, mwandishi wa tarehe za wenye hekima, aliyekufa mwaka 646 (1248). Asema kwamba Ibnul-Haitham, naye yuko kwao Iraq, alipata kusema kuwa lau angekuwa Misri angaliufanyia mto Nili kazi ambayo kwayo watu wangenufaika nao katika hali zake zote mbili, maji yakizidi na maji yakipungua. Neno hilo lilimfikia al-Hakim, Khalifa wa Kifatimi aliyekuwa akitawala Misri tangu mwaka 386 (996). Na al-Hakim alikuwa mtu wa kupenda ilmu, kwani ndiye aliyejenga Darul-Ilmu katika Kairo mwaka 395 (1005). Lakini pia alikuwa mtu wa kuogopwa sana. Amri zake zilikuwa zikigeuka usiku mmoja, na mawaziri wake wengi aliwaua kwa upanga.

Al-Hakim akampelekea mali na kumtaka aje. Alipokaribia mji, Khalifa mwenyewe alitoka kwenda kumlaki nje ya lango, akamtukuza na kumpumzisha. Kisha akamtaka atimize lile alilolisema. Ibnul-Haitham akasafiri kuelekea kusini pamoja na jamaa ya mafundi wa ujenzi, wakiufuata mto Nili mpaka mahali paitwapo Janadil, karibu na Aswan, ambapo maji yapita juu ya majabali.

Njiani alikuwa akiyatazama majengo ya watu wa kale wa Misri. Akaona mawe yaliyopangwa kwa hendesa isiyo na kasoro, na sanaa ambayo si kila fundi aiweza. Moyo wake ukaanza kuvunjika. Alijua kwamba watu waliojenga majengo hayo hawakupungukiwa na ilmu wala nguvu. Lau jambo alilolikusudia lingaliwezekana, bila shaka wao wangalilitenda kabla yake. Na alipofika Janadil na kupapima, aliona kwa macho yake kuwa mahali pale hapawafiki fikira aliyokuja nayo. Akarudi Kairo, akasimama mbele ya al-Hakim na kukiri kuwa ameshindwa.

Wala mawazo yake hayakuwa ya upuuzi. Karibu na hapo pa Aswan, Waingereza walijenga bwawa lililokwisha mwaka 1902, na Wamisri wakajenga lile Bwawa Kuu lililokwisha mwaka 1970. Mahali alipachagua vyema, lakini vyombo vya kuifanyia kazi hiyo vilikuja baada ya kiasi cha miaka mia tisa.

Kifungo chake

Al-Hakim aliupokea udhuru wake, akampa kazi katika diwani ya serikali. Ibnul-Haitham aliishika kazi hiyo kwa khofu, si kwa kupenda, maana aliijua tabia ya bwana wake, na alijua kwamba mtu aliyemvunjia ahadi mtawala kama huyo hana amani hata akisamehewa. Kujiuzulu kulikuwa khatari, na kubaki kulikuwa khatari. Hakuona njia ila moja: akajionyesha kuwa amepotewa na akili. Khabari zilipoenea kuwa ana wazimu, al-Hakim aliiweka mali yake katika uangalizi, akamwekea watu wa kumhudumia, na yeye mwenyewe akafungiwa katika nyumba yake.

Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 411 (1021). Katika mwaka huo al-Hakim alitoka usiku kuelekea kilima cha Muqattam, asirudi tena, na watu wakayakinisha kuwa amekufa. Muda mchache baadaye Ibnul-Haitham akadhihirisha akili yake, akatoka nyumbani mwake, na mali yake akarudishiwa. Katika maisha yake hakuna jambo lililomgharimu zaidi ya neno lile alilolinena Basra juu ya mto ambao alikuwa hajauona.

Kula kwa jasho la mkono wake

Alipopata uhuru wake hakurudi katika milango ya watawala. Alikaa karibu na lango la Msikiti wa Azhar, akafundisha na kutunga vitabu, na riziki yake ikawa ni kunakili kwa mkono. Al-Qifti asimulia kwamba kila mwaka alikuwa akiandika nakala za vitabu vitatu: kitabu cha Uqlidis, mkusanyo wa vitabu vya kati vya hisabu, na al-Majisti cha Batlamyus. Alipomaliza aliuziwa kwa dinari mia na hamsini za Kimisri, bei isiyozidi wala isiyopungua, na fedha hiyo ikamtosha kwa chakula cha mwaka mzima.

Msomaji asiidharau kazi hiyo. Mtu anayekiandika kitabu cha Uqlidis kwa mkono wake mwaka baada ya mwaka, herufi kwa herufi na umbo kwa umbo, haachi mlango wa kitabu hicho ambao hakuuingia. Na katika milango ya Uqlidis mna ule wa adadi zisizogawika.

Adadi isiyogawika ni nini

Waarabu waliiita adadi awwal, na katika skuli za leo huitwa namba tasa. Ni adadi kubwa kuliko moja ambayo haigawiki sawasawa ila kwa moja na kwa nafsi yake. Hivyo 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni tasa. Lakini 6 si tasa, kwa kuwa yagawika kwa 2 na kwa 3, na 9 si tasa, kwa kuwa yagawika kwa 3.

Mwenye kusoma faraidhi amekwisha kukutana na jambo hili ingawa hakuliita kwa jina hilo. Mtu akifa, akaacha mke na watoto wanaume saba, asili ya mas'ala ni 8: mke apata thumuni, yaani fungu moja, na mafungu saba yaliyobaki yawagawikia watoto, kila mmoja moja. Watoto wakiwa kumi na wanne, panatosha kuizidisha asili kwa 2, ikawa 16: mke apata 2 na kila mtoto 1. Ama watoto wakiwa kumi na mmoja, yale mafungu saba hayakubali kuwagawikia, na hakuna njia ya mkato. Baina ya 7 na 11 kuna tabayun, na hapana budi kuizidisha asili kwa 11 yote, ikawa 88: mke apata 11 na kila mtoto 7. Adadi tasa ndiyo hiyo. Haivunjiki ikapungua, na anayetaka kugawa hulazimika kuichukua nzima.

Uqlidis alikwisha kuthibitisha kuwa adadi tasa hazina mwisho, kwamba kila unayodhani ni ya mwisho kuna nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Lakini kuna swali lililokuwa gumu: mtu akipewa adadi kubwa, ataijuaje kuwa ni tasa? Na je, iko sifa moja ambayo adadi tasa zote zinayo, na nyingine zote zimeikosa?

Mas'ala ya adadi saba

Katika vitabu vidogo vya Ibnul-Haitham mmoja ni waraka juu ya kuitoa mas'ala ya adadi. Mas'ala yenyewe ni kutafuta adadi ambayo ikigawiwa kwa 2, kwa 3, kwa 4, kwa 5 na kwa 6, kila mara hubaki moja, na ikigawiwa kwa 7 haibaki kitu.

Ili mas'ala haya yasiwe maneno matupu, na uwekwe mfano wa bara. Katika Tanzania, upande wa Ngorongoro, iko nchi ya Kakesio, wakaao Wamasai na mifugo yao. Afikiriwe mfugaji mmoja wa huko anayewatoa ng'ombe wake bomani asubuhi. Akiwapanga wawili wawili, mmoja hubaki peke yake. Akiwapanga watatu watatu, mmoja hubaki. Kadhalika wanne wanne, watano watano na sita sita, kila mara ni ng'ombe mmoja asiye na wenziwe. Lakini akiwapanga saba saba, hakuna anayebaki. Je, ng'ombe hao ni wangapi?

Ibnul-Haitham alitoa njia mbili za kulijibu swali hilo. Njia ya kwanza ni kuzidisha adadi zote zilizo chini ya 7, moja kwa mbili kwa tatu kwa nne kwa tano kwa sita, na zao lake ni 720. Zao hilo lagawika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 bila ya baki, kwa sababu limeundwa nazo. Kisha huongezwa moja, ikawa 721. Kwa hiyo 721 ikigawiwa kwa kila moja katika hizo hubaki moja. Ajabu iko katika lile sharti la mwisho, kwani 721 ni sawasawa na 7 mara 103, na hakibaki kitu.

Njia ya pili hutoa majibu yasiyo na mwisho. Adadi ndogo kuliko zote inayogawika kwa 2, 3, 4, 5 na 6 ni 60, basi jibu lazima liwe ni 60 au mara kadhaa za 60, na moja juu yake. 61 haigawiki kwa 7, wala 121, wala 181, wala 241, lakini 301 ni 7 mara 43. Tena kila ikiongezwa 420 hupatikana jibu jingine: 301, kisha 721, kisha 1141, na kuendelea. Basi ng'ombe wa Kakesio kwa uchache ni 301, na mfugaji mwenye mali zaidi huenda akawa nao 721.

Lau Ibnul-Haitham angaliishia hapo, waraka wake ungalikuwa ni kitendawili cha baraza. Lakini yeye alitaja kwamba sifa hii si ya 7 peke yake, bali yailazimu kila adadi tasa. Ukizidisha adadi zote zilizo chini yake kuanzia moja, kisha ukaongeza moja, jumla yake itagawika kwa adadi hiyo bila ya baki.

Kuijaribu sifa hiyo

Adadi 5: moja kwa mbili kwa tatu kwa nne ni 24, ongeza moja ni 25, nayo ni 5 mara 5. Adadi 11: zao la adadi kumi za kwanza ni 3,628,800, ongeza moja ni 3,628,801, nayo ni 11 mara 329,891. Adadi 13: zao ni 479,001,600, ongeza moja, nayo yagawika kwa 13 mara 36,846,277.

Ama adadi isiyo tasa, sifa hiyo imeikosa. Zao la adadi zilizo chini ya 9 ni 40,320, na ukiongeza moja ni 40,321, nayo ikigawiwa kwa 9 hubaki moja. Sababu yake ni wazi. Adadi isiyo tasa ina vigawe, na vigawe vyake vyote viko chini yake, basi vimeingia katika zao. Kwa hiyo zao lagawika kwa vigawe hivyo, na ile moja iliyoongezwa haina pa kwenda.

Na kwa adadi tasa sababu yake hufahamika kwa kutazama 11. Katika adadi zilizo chini yake, kila moja ina mwenziwe. 2 na 6 zao lake ni 12, likigawiwa kwa 11 hubaki moja. 3 na 4 ni 12, hubaki moja. 5 na 9 ni 45, hubaki moja. 7 na 8 ni 56, hubaki moja. Jozi zote hizi zikizidishwa pamoja, baki lake ni moja tu. Zimebaki mbili zisizo na jozi: ile 1 yenyewe, na 10 ya mwisho. Basi zao la zote, likigawiwa kwa 11, hubaki 10. Ongeza moja, baki inakuwa 11, yaani hakibaki kitu. Na ilivyo kwa 11 ndivyo ilivyo kwa kila adadi tasa, ndogo au kubwa, kwani katika kila moja adadi zilizo chini yake hupata wenziwe namna hiyo, isipokuwa ya kwanza na ya mwisho.

Zikapita karne saba. Katika mwaka 1770 mwalimu wa Cambridge, Uingereza, jina lake Edward Waring, alichapisha kitabu akaitaja humo sifa hiyo, akaisema ni ya mwanafunzi wake John Wilson, wala hakuweza kuithibitisha. Mwaka 1771 Lagrange akatoa uthibitisho. Tangu hapo sifa hiyo ikajulikana kote ulimwenguni kwa jina la Wilson. Katika mwaka 1980 mwanachuoni Roshdi Rashed, mzaliwa wa Misri, aliuandikia waraka wa Ibnul-Haitham na kuonyesha kuwa jambo hilo lilikwisha kunenwa kwa Kiarabu muda mrefu kabla ya Wilson kuzaliwa. Hata hivyo jina halikubadilika, na vitabu vya skuli vingali vikiandika Wilson.

Adadi timilifu na adadi tasa kubwa

Ibnul-Haitham alishughulika tena na mlango mwingine ambao adadi tasa ndiyo ufunguo wake, nao ni mlango wa adadi timilifu. Adadi timilifu ni ile ambayo vigawe vyake vilivyo chini yake vikijumlishwa huirudisha yenyewe. 6 ni timilifu, kwani 1 na 2 na 3 ni 6. Na 28 ni timilifu, kwani 1 na 2 na 4 na 7 na 14 ni 28. Uqlidis alifundisha njia ya kuzipata: zijumlishwe 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa kuzidisha mbili mbili, na kila jumla itakapokuwa tasa, izidishwe kwa adadi ya mwisho iliyojumlishwa. Jumla ya 1, 2 na 4 ni 7, nayo ni tasa, basi 7 mara 4 ni 28. Vivyo hivyo 31 mara 16 ni 496, na 127 mara 64 ni 8,128.

Uqlidis alisema kuwa njia hiyo yatoa adadi timilifu. Ibnul-Haitham aliligeuza swali: je, kila adadi timilifu inayogawika kwa mbili lazima iwe imetoka katika njia hiyo? Akaingia katika kulithibitisha jambo hilo, akafika sehemu ya njia. Uthibitisho kamili ulipatikana kwa Euler wa Uswisi, aliyekufa mwaka 1783.

Mlango huu una mitego. Mtu aweza kudhani kuwa jumla fulani ni tasa kwa sababu hakuona kigawe chake. Jumla ya adadi kumi na moja za kwanza, kutoka 1 mpaka 1,024, ni 2,047. Yaonekana kama tasa, kumbe ni 23 mara 89. Katika karne ya saba ya Hijra Ismail bin Ibrahim, ajulikanaye kwa jina la Ibn Fallus, aliandika adadi kumi akazihesabu kuwa timilifu. Saba za kwanza ni sahihi, na ya saba ni 137,438,691,328, nayo imetoka katika adadi tasa 524,287. Tatu za mwisho si sahihi. Kosa la mtu mwenye ilmu kama huyo laonyesha jinsi ilivyo shida kuijua adadi kubwa kuwa ni tasa.

Msomaji atauliza: je, sifa ya Ibnul-Haitham haitoshi kuwa mizani ya kupimia? Ni mizani ya haki, lakini ni nzito kuliko bidhaa. Mwenye kutaka kujua kuwa 97 ni tasa aweza kuigawa kwa 2, 3, 5 na 7 tu, akamaliza kwa muda wa kunywa kahawa. Akitaka kuijua kwa sifa hiyo, itambidi azidishe adadi zote mpaka 96, na zao hilo lina tarakimu 150. Kwa hiyo wanaotafuta adadi tasa kubwa hutumia njia nyingine, na mashine za kompyuta huwafanyia kazi.

Katika mwezi wa Oktoba 2024 ilitangazwa adadi tasa kubwa iliyopatikana na Luke Durant wa Marekani. Ni 2 iliyozidishwa kwa nafsi yake mpaka zikafika mbili 136,279,841, kisha ikapunguzwa moja. Tarakimu zake ni 41,024,320. Mtu akizisoma kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana bila ya kulala, hatamaliza ila baada ya siku 474 na zaidi. Adadi hiyo ni ya jamii ile ile ya 7, 31 na 127 zilizotajwa juu, na kwa njia ya Uqlidis yatoa adadi timilifu yake.

Na sifa aliyoitaja Ibnul-Haitham yailazimu adadi hiyo pia. Hapana mashine wala kiumbe aliyeziandika na kuzizidisha adadi zote zilizo chini yake, wala hatapatikana, kwani zao hilo halina karatasi ya kulitosha. Juu ya hayo yajulikana kwa yakini kwamba likiongezwa moja litagawika. Alipousemea mto Nili alisema juu ya kitu kimoja tu kilichoko duniani, na kikamkadhibisha alipokifikia. Aliposema juu ya adadi tasa alisema juu ya vitu visivyo na mwisho, na hakuna hata kimoja kilichomkadhibisha.

Vitabu vyake vingine

Vitabu na nyaraka alizotunga zahesabiwa zaidi ya tisini, katika hendesa, hisabu, falaki na nuru. Miongoni mwao mna waraka wa kuutafuta mwelekeo wa kibla kwa hisabu. Kikubwa kuliko vyote ni Kitabul-Manadhir, chenye maqala saba, juu ya nuru na kuona. Uqlidis na Batlamyus walisema kuwa jicho hutoa miali ikakiendea kitu. Ibnul-Haitham alibainisha kuwa nuru ndiyo inayotoka katika kitu ikaingia machoni. Alijaribu kwa chumba chenye giza na tundu ndogo, na taa kadhaa zikiwa nje. Kila taa ilionekana kwa doa lake ukutani, na ilipozibwa moja, doa lake peke yake likatoweka. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kilatini kiasi cha mwaka 1200, kikapigwa chapa Basel mwaka 1572, na watu wa Ulaya wakakisoma kwa karne nyingi.

Alitunga pia kitabu cha shaka juu ya Batlamyus. Ndani yake alionyesha mahali ambapo maneno ya bwana huyo wa falaki yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Na alifundisha humo kuwa mwenye kuitafuta haki hapaswi kuyakubali maneno ya waliotangulia kwa kuwapendelea tu, bali ayahoji, na aituhumu pia nafsi yake mwenyewe anapohoji. Aliyeandika hayo ni mtu aliyekwisha kusimama mbele ya Khalifa na kusema kuwa alikosea.

Kufa kwake

Amekufa Kairo kiasi cha mwaka 430 wa Hijra, nao ni mwaka 1038 au 1039. Hakuacha mali ya kutajwa, wala cheo. Katika zama hizi jina lake limepewa shimo moja katika uso wa mwezi, na sura yake ilipigwa chapa katika noti ya dinari 10,000 ya Iraq iliyotolewa mwaka 2003, naye katika maisha yake alinakili vitabu vitatu kwa dinari mia na hamsini.

Katika khabari zake mna mazingatio kwa mwenye kuzingatia. La kwanza ni kwamba mtu asiahidi juu ya jambo ambalo hajalipima, hata akiwa mwanachuoni, kwani neno moja huweza kumfunga miaka. La pili ni kwamba kukiri kushindwa hakumpunguzii mtu ilmu yake. Lau Ibnul-Haitham angaliona haya, akaanza kujenga Janadil ili kuficha kosa, zingalipotea roho za watu na mali za raia, naye asingalisalimika. La tatu ni kwamba ilmu iliyothibitika haimhitaji mwenyewe kuwa na jina. Waraka wake mdogo wa mas'ala ya saba ulikaa karne nyingi bila ya kujulikana, na sifa yake ikapewa mtu mwingine, lakini 721 haikuacha hata siku moja kugawika kwa 7.

Mwenyezi Mungu amrehemu, na awanufaishe wasomaji kwa ilmu yake.